Kwa nini wachezaji wa Schalke huingia uwanjani kupitia "mgodi"?

Ukitazama mechi ya Schalke 04 wakiwa nyumbani Gelsenkirchen, Ujerumani, angalia njia wanayotokea wachezaji. Imepambwa ifanane na shimo la mgodi wa makaa ya mawe. Ajabu ni kwamba mji huo hauchimbi tena hata debe moja la makaa.

Klabu ilianzishwa mwaka 1904 na vijana wa mtaa wa Schalke, mtaa ulioishi kwa mgodi wa Consolidation: baba shimoni, na mtoto akikua, shimoni. Mpaka leo timu huitwa Knappen, jina la kale la wachimbaji. Uwanja wao wa mwaka 1928 ulijengwa kwenye ardhi ya mgodi huo ukaitwa Glückauf, salamu ambayo wachimbaji hutakiana heri ya kurudi juu salama.

Hapo ndipo ilipo siri ya kupanda kwao. Soka ya kulipwa ilikuwa marufuku, lakini mchezaji aliyeajiriwa na mgodi alipata riziki, na nyota walipewa kazi nyepesi. Mwaka 1930 wakubwa wa soka waligundua klabu inatoa posho kupita kiwango, wakafungia karibu kikosi kizima. Mhazini wa klabu alijiua. Waliporudi Juni 1931, watu wapatao 70,000 walifurika kwa mechi ya kirafiki tu!

Mtindo wao uliitwa "pia ya Schalke", kama kile kichezeo cha watoto kinachozunguka: pasi fupi fupi, mpira ukizunguka mpaka mpinzani apate kizunguzungu. Waliouendesha walikuwa Ernst Kuzorra na shemeji yake, Fritz Szepan. Kati ya 1934 na 1942 walitwaa ubingwa wa Ujerumani mara sita. Fainali ya 1939 waliichapa Admira Wien 9-0. Ni miaka ya Wanazi hiyo, na utawala ule ulipenda sana kujipamba kwa timu ya wafanyakazi. Wanaosifia enzi hizo huliruka jambo hilo.

Ubingwa wa saba ulikuja 1958. Haujaja mwingine. Mwaka huohuo makaa ya Ruhr, eneo la migodi ulimo mji wa Gelsenkirchen, yalianza kukosa soko, kwa sababu ya mafuta na makaa ya bei nafuu kutoka nje, na migodi ikaanza kufungwa mmoja mmoja. Ligi ya kulipwa ilipofika, fedha ndiyo ikawa mgodi mpya, na Schalke hawakuujua vizuri. Aprili 1971 wachezaji wao walikula rushwa wakajifungisha 1-0 mbele ya Arminia Bielefeld. Kombe la UEFA la 1997 liliwafuta machozi; 2001 wakawa mabingwa kwa dakika nne, kisha wapinzani wao Bayern Munich wakasawazisha kwenye mechi yao kule Hamburg, wakawapokonya taji.

Baadaye wakakopa mpaka madeni yakapita euro milioni 200. Kuanzia Januari 2020 walicheza mechi 30 za ligi mfululizo bila ushindi. Aprili 20, 2021 wakashuka daraja. Nani aliwafunga siku hiyo? Arminia Bielefeld, 1-0, nusu karne baada ya ile mechi ya rushwa.

Mgodi wa mwisho wa Ruhr, ulioko Bottrop jirani, ulifungwa Desemba 21, 2018. Siku mbili kabla, Schalke waliwaalika wachimbaji uwanjani kuwaaga. Shimo lililobaki Gelsenkirchen ni lile la kuigiza, na wanaolipita wamevaa njumu.