Hakuna kesi, basi hakuna adhabu? Tunavyokosea kufuatilia wachafuzi wa ziwa

Maji ya Mto Mirongo yakigeuka rangi, hapa Mwanza utasikia: “Wale hawaguswi, hakuna hata kesi.” Naelewa hasira hiyo, maana mto huo unaishia Ziwa Victoria, na maji ya ziwa hilo ndiyo tunayokunywa. Lakini kukosekana kwa kesi hakuthibitishi kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaruhusu mkosaji anayekiri kosa alipe faini bila kufika kortini; huko huitwa kufifilisha kosa. NEMC, baraza la taifa la usimamizi wa mazingira, linaweza pia kutoa amri ya kuzuia shughuli, au ya kurejesha mazingira yalivyokuwa. Hatua hizi hazizai hukumu. Ukipekua TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, ukatoka mikono mitupu, umejua jambo moja tu: hukumu haipo pale. Jalada linaweza kuwa limelala ofisi ya kanda ya NEMC, na ndiko pa kuuliza.

Wengi pia hudhani NEMC ndiyo mlango wa kila kitu. Kibali cha kutiririsha majitaka ziwani hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, chini ya sheria ya maji ya 2009. Zana haramu za uvuvi, kama kokoro na nyavu za timba, ni mambo ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, kwa maofisa uvuvi. Kwa hiyo kiwanda kinachotikisa cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira hakijajibu swali la majitaka. Dai kibali cha bodi ya bonde, kisha soma masharti yake: viwango vya maji yanayotoka vimeandikwa humo.

“Taarifa hizo ni siri ya serikali.” Si kweli kwa jumla. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Vipo vizuizi, kama uchunguzi unaoendelea na siri za biashara, ila ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi. Usiandike “naomba taarifa za uchafuzi”. Barua ya namna hiyo ni rahisi kuikalia. Taja eneo, kipindi na hati unayoitaka: amri, ripoti ya ukaguzi, stakabadhi ya faini. Na jina la kampuni lihakiki kwanza BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, kwa sababu lililo kwenye bango la geti huenda silo lililo kwenye jalada.