Kuhamia kwenye wingu: shughulikia laini kabla ya programu

Biashara nyingi za kati nchini Uganda bado zinaendesha programu ya hesabu na stoo kwenye seva iliyo chumba cha nyuma, katikati ya maboksi. Umeme ukikatika wakati hifadhidata inaandika, faili huweza kuharibika. Diski ya nakala rudufu ikikaa meza hiyohiyo, mwizi akipita vyote vimekwenda. Sababu za kuhamia huduma za wingu, yaani programu na data kukaa kwenye seva za mtoa huduma na kufikiwa kwa intaneti, zipo, tena nzito. Tatizo ni kwamba wengi huchagua programu kwanza, mambo ya intaneti wakayaacha hadi siku ya kuwasha mfumo.

Uganda haina pwani. Data inayokwenda nje husafiri kwa nyaya za nchi kavu hadi Mombasa au Dar es Salaam ndipo iingie baharini. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Basi swali la kwanza kwa muuzaji wa mfumo liwe hili: mtandao ukikatika, keshia atauzaje?

Jibu la maneno halitoshi. Chomoa waya wa rauta, uza bidhaa tano, rudisha waya, kisha hesabu. Mauzo yote matano yanapaswa kufika, kila moja mara moja tu. Stoo ikipungua kumi, mfumo umetuma mauzo mara mbili, na ni heri ulijue hilo leo kuliko mwisho wa mwezi. Rudia jaribio hilo kwa risiti za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA), maana muunganisho na URA ni kazi ya pekee yake.

Chukua laini mbili, moja ya faiba na nyingine ya simu. Faiba mbili za kampuni tofauti huenda zinapita nguzo moja, na lori likiiangusha zote zimelala. Rauta nayo iunganishwe na UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Ofisi nyingi huilinda kompyuta na kuisahau rauta.

Kisha data. Gigabaiti 200 kwenye laini inayopakia megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban saa 45 ikienda bila kusita, na haiendi bila kusita. Panga siku tatu. Kasi inayotangazwa huwa ni ya kupakua. Ulizia ya kupakia. Kumbukumbu za zamani zitangulie, salio za kufungia mwezi zifuate.

Usihamishe uchafu. Mteja mmoja mwenye majina matatu aunganishwe kwanza. Namba za simu ukizifungua kwenye Excel bila kuziwekea muundo wa maandishi, sifuri ya mbele hupotea, na ujumbe wa kudai hautamfikia mtu. Tarehe 03/04 mfumo mmoja huisoma Aprili 3, mwingine Machi 4, na umri wa madeni yote hubadilika. Baada ya kuhamisha, linganisha mizania, jumla ya wadaiwa na thamani ya stoo, hadi shilingi ya mwisho. Endesha mifumo yote miwili mpaka mwezi mmoja ufungwe. Wahasibu watalalamikia kazi mara mbili, na wana haki, lakini vumilieni.

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayekusanya data binafsi ajisajili, na data ikihifadhiwa nje ya nchi, huko iwe na ulinzi wa kutosha au mtu mwenye data hiyo awe ameridhia. Mtoa huduma aandike kwenye mkataba seva ziko nchi gani.

Bili huwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, na thamani ya shilingi hupanda na kushuka. Mfanyakazi akiondoka, funga akaunti yake siku hiyohiyo: utaokoa ada, naye hataendelea kuona bei zako.

Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka mitano, hivyo mkataba ueleze utatoa data yako kwa muundo gani na kwa gharama gani siku ukihama tena. Seva ya zamani usiiuze haraka. Izime, ihifadhi hadi ukaguzi wa kwanza wa hesabu upite, kisha diski zake zitobolewe kwa drili kabla ya chuma kupelekwa kwa wanunuzi wa skrepa.