Baridi Gani? Ndege wa Ufukweni Hufika Kusi Ingali Inavuma

Juzi nilipigiwa simu na mwenye nyumba moja ya wageni ya pwani ya mashariki ya Unguja, akanieleza kwa upole kwamba kundi la watu sita, niliowaandalia matembezi ya kutazama ndege mwishoni mwa Agosti, limeahirisha safari hadi Desemba. Yeye mwenyewe ndiye aliyewashauri hivyo, kwa sababu ndege wetu wa pwani wanatoka Ulaya, Ulaya sasa ni majira ya joto, na hawawezi kuanza kukimbia baridi ambayo haijaingia. Maneno haya nimeyasikia kwa walimu, kwa waongoza watalii na kwa mtaalamu mmoja aliyekuwa akihutubia ukumbi mzima, na mwaka huu nimeacha kuhesabu. Kwa heshima zote anazostahili mtu mwenye nyumba nzuri na chai nzuri zaidi, si kweli. Simu yake ilinikuta Jambiani, nimelala kifudifudi nyuma ya ngalawa iliyopandishwa mchangani, nikitazama vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, wapatao mia mbili ambao kwa hesabu yake walikuwa bado hawajafika.

Tumchukue kitwitwi mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, ambaye picha yake, akiwa mwekundu kama tofali, imetundikwa kwenye ukumbi wa nyumba hiyo hiyo ya wageni. Hatagi Ulaya tunayoifikiria, bali katika tundra, nyika ya baridi isiyo na miti, ya kaskazini ya Siberia, Rasi ya Taymyr ikiwa ndiyo makao yake mashuhuri. Hufika huko Juni, theluji inapoyeyuka. Dume haatamii mayai wala halei makinda, kazi hiyo yote ni ya jike, kwa hiyo akishapandana hana shughuli nyingine ya kumweka, na Julai inapoanza yeye huwa ameshashika njia. Julai huko ni mwezi wenye joto kuliko yote: jua halizami, mbu wamejaa, chakula kipo. Huyo ndiye tunayesema amekimbia baridi. Majike hufuata baadaye, na makinda huondoka mwisho kabisa, peke yao, bila mzazi wa kuwaonyesha njia. Ndiyo maana Agosti naona wazazi, na makinda huanza kuonekana kadiri Septemba inavyosonga.

Kama Siberia ni mbali mno kwa hoja, basi tumtazame mla kaa, Dromas ardeola, yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene kama koleo, ambaye wataalamu wamempa familia yake peke yake kwa kuwa hafanani sana na mwingine yeyote. Huyu hana nasaba na Ulaya hata kidogo. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Omani, Bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe mwishoni mwake, mahali ambapo joto la ardhi humsaidia kuatamia hata yeye akapata nafasi ya kwenda kula. Akimaliza kuzaa, kuanzia Agosti huanza kuonekana kwetu. Sasa, Agosti katika Ghuba joto hupita nyuzi 40, ilhali kwetu mwezi huo ungali miongoni mwa miezi yetu ya ubaridi, na alfajiri ya Makunduchi utawakuta wavuvi wamejitanda vikoi mabegani. Ndege ametoka tanurini kuja kwenye upepo, nasi tunasimulia kwamba amekimbia baridi. Baridi gani?

Hapa lazima niende polepole, kwa sababu kila ninapofika kwenye hoja hii mtu hunidaka: "Kwa hiyo unasema baridi haihusiki?" Sijasema hivyo. Tundra ikifunikwa na barafu, hakuna kitwitwi anayeweza kuishi juu yake, na bila majira hayo safari yenyewe isingekuwapo. Ninachokataa ni kuchanganya sababu ya safari kuwapo na jambo linalomwondoa ndege siku ile anayoondoka. Mwenye nyumba ya makuti huezeka upya kwa sababu ya masika, lakini haezeki siku ambayo mvua imeshamfika kitandani. Huezeka jua likiwa kali, na jirani asiyejua kalenda angeweza kuapa kwamba paa hilo halina uhusiano wowote na mvua. Ndege naye ana kalenda yake mwilini. Mwanasayansi wa Kijerumani Eberhard Gwinner aliwafuga ndege wadogo wahamaji katika vyumba ambavyo mwanga na joto lake havikubadilishwa, na bado majira yao ya safari yalipowadia walibadili manyoya na kuhangaika vizimbani usiku kucha, bila upepo wowote wa baridi kuwagusa. Kalenda hiyo hurekebishwa na urefu wa mchana, na kazi ya uzazi ikimalizika mapema au ikiharibika, ndege huondoka mapema zaidi. Mtu aliyepoteza mayai yake Juni hana la kungoja.

Kosa hili lina toleo lake la heshima, ambalo nililipata kwa mzee mmoja wa Makunduchi. "Kijana wangu," aliniambia, "ndege na majahazi ni kitu kimoja, wote huletwa na kaskazi." Hoja yake inapendeza, na kwa majahazi ni sahihi kabisa: chombo cha Maskati kilingoja kaskazi, upepo utokao kaskazini, ishike ndipo kikateremka, kisha kikangoja kusi, upepo wa kinyume chake unaovuma hata sasa Agosti, imrudishe nahodha kwao. Nilimjibu, "Mzee wangu, mbona basi wale pale wamefika leo na bendera ya chombo chako inaelekea kaskazini?" Akacheka, akasema labda hawa hawakuondoka. Nikanyamaza, kwa sababu jibu hilo lina uzito kuliko alivyodhani, nami nitalirudia.

Kuhusu upepo wenyewe, jahazi limefungwa kwenye uso wa bahari na ndege hakufungwa. Anaweza kupanda hadi tabaka ambalo upepo wake si huu unaotupepea mchanga machoni, anaweza kungoja usiku unaomfaa, na wengi wao hawapiti baharini kabisa, bali huteremka kupitia nchi kavu na maziwa ya Bonde la Ufa. Uwezo wao ni wa kutisha. Oktoba 2022 kinda mmoja wa Limosa lapponica, ndege mwingine wa ufukweni ambaye jamii yake huonekana hata kwetu, alifuatiliwa kwa setilaiti kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560 kwa siku 11 bila kutua, akiwa na umri wa miezi mitano hivi. Hata hivyo nakiri kwamba mla kaa hunisumbua. Yeye ni ndege wa pwani hasa, na kusi ya Somalia katika Julai na Agosti ni miongoni mwa pepo kali zaidi zinazojulikana baharini. Ramani za vitabuni humchorea mshale mmoja mnene uliopinda vizuri kuelekea kusini, na kila nikiutazama huona kwamba mshale huo ni adabu ya mchoraji tu.

Nirudi kwa mzee. Ni kweli kwamba baadhi ya ndege hawaondoki. Sululu, yule ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu uliopinda, vitwitwi na wenzao wengi hawazai katika mwaka wao wa kwanza, na wengi wa hao vijana hubaki hapa hapa Mei, Juni na Julai, wakila matopeni huku wazazi wao wakiwa Siberia. Kwa hiyo ukimwona sululu Jambiani wiki ya mwisho ya Julai, amerudi au alikuwepo? Vitabu hutoa tarehe ya kuwasili kana kwamba kuna mtu bandarini anayegonga mihuri. Mimi hutazama manyoya: mzazi aliyerudi ana mabaki ya vazi la uzazi, rangi imechujuka na kingo zimeliwa, lakini kijana aliyebaki huwa na rangi ya kijivu isiyo na habari yoyote. Kwa kitwitwi mwenye mdomo uliopinda alama hiyo inatosha. Kwa sululu, ambaye vazi lake ni lile lile mwaka mzima, mara nyingi haitoshi. Daftari langu la Julai limejaa alama za kuuliza, na simwamini mwenzangu ambaye la kwake halina.

Kwa wale ndege wawili wadogo wa mchangani wanaofanana mno, ambao vitabu huwaita leschenaultii na mongolus, sitasema mengi. Pima mdomo, tazama miguu, na ikiwa upepo umewafura manyoya wakawa maboga yenye macho, andika "mmoja wao" uendelee na maisha.

Sababu yangu ya kuing'ang'ania Agosti na Septemba ni kwamba mambo yanayoonekana wakati huo hayaonekani tena. Wakishatua, wazazi huanza kubadili manyoya, pamoja na yale makubwa ya mbawa, kazi inayochukua miezi na inayohitaji chakula cha uhakika, na wekundu wote huyeyuka kuwa kijivu. Makinda nao hufika wakiwa na manyoya mapya yaliyopangika mgongoni kama magamba ya samaki, na kifua chenye rangi ya chai ya maziwa iliyofifia. Idadi yao hubeba habari ya mbali: miaka ambayo panya wadogo wa tundra, lemingi, wamejaa, mbweha hula panya na mayai ya vitwitwi husalimika, lemingi wakipungua, mbweha hugeukia viota, na mwaka huo sisi huona wazazi wengi na makinda wa kuhesabu kwa vidole. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini hufanywa Januari, ndege wakiwa wametulia, na ina manufaa yake, lakini Januari waliopita kwetu kwenda Afrika Kusini wameshapita, na kinda hatofautiani tena na mzazi isipokuwa kwa mwenye darubini nzuri na subira mbaya.

Njoo basi wakati wa bamvu, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Unguja bamvu hujaa karibu na saa kumi, na kwenye pwani ya mashariki saa kumi jioni jua liko nyuma yako na ndege wako mbele, wakisukumwa na maji kutoka huko mbali walikotawanyika hadi kwenye ukanda mwembamba wa mchanga. Anayesisitiza kuja alfajiri kwa kuwa ndege huamka mapema atakuta jua machoni, na kama ni bamvu atakuta maji yakishuka na ndege wakimkimbia kuelekea mwambani. Wakati wa maji mafu, bahari isipojaa sana wala kupwa sana, mimi hushughulika na mengine. Usisimamishe miguu ya darubini yote mitatu kwa urefu, upepo utaitikisa mpaka kila ndege awe wawili. Kaa chini, ujikinge na ngalawa au rundo la mwani, na ufute chumvi kwenye kioo kila dakika chache. Ndege wote watakuwa wameelekeza midomo upande wa upepo, jambo linalorahisisha kuhesabu mpaka mmoja wa hawa wanaoteleza baharini kwa tiara apite karibu, kundi lote liruke, nawe uanze upya kutoka moja.

Mwaka juzi kundi jingine lililoshauriwa hivyo hivyo lilifika Desemba, joto likiwa kali. Niliwapeleka pale pale Jambiani, tukakuta ndege wengi, wote kijivu, nao wakatazama kwa adabu kwa muda wa saa nzima. Kisha mama mmoja akanionyesha kwenye simu picha aliyoipiga ukumbini, akauliza yule mwekundu yuko wapi. Nikamwelekeza kwa kidole. Alikuwa hatua arobaini mbele yetu.