Plasi-mainasi: Kevin Love alipataje +19 kwa pointi 9?

Mechi ya saba ya fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, za 2016 ilianza saa tisa usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kuamkia Jumatatu ya tarehe 20 Juni. Waliolala waliamka wakakuta matokeo: Cleveland Cavaliers 93, Golden State Warriors 89. Ukifungua jedwali la takwimu za mechi ile kutafuta nani kaibeba Cleveland, macho yanaenda moja kwa moja kwa LeBron James: pointi 27, ribaundi 11 (mipira aliyodaka baada ya mtupo kukosa), asisti 11 (pasi zilizozaa kikapu). Halafu Kyrie Irving, pointi 26. Upande wa pili Draymond Green kamaliza na pointi 32, ribaundi 15 na asisti 9, na bado kafungwa.

Lakini kuna safu moja yenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, na humo anayewaongoza wote si LeBron wala Irving. Ni mwenzao wa Cleveland, Kevin Love, +19. Pointi alizofunga usiku ule ni 9 tu.

Hiyo ndiyo plasi-mainasi. Safu nyingine zote zinakuuliza umefanya nini: umefunga ngapi, umedaka ngapi, umepoteza mpira mara ngapi. Hii haina habari na hayo. Inachotazama ni ubao wa matokeo umesogea vipi ukiwa uwanjani. Timu yako ikifunga mbili unaandikiwa +2, hata kama ulikuwa umesimama kona ya mbali na mpira hukuugusa. Ikifungwa tatu, unakatwa tatu. Ukienda benchi, hesabu yako inasimama mpaka urudi. Tuseme umeingia timu ikiwa nyuma 40 kwa 44, ukatoka ikiwa mbele 55 kwa 50. Katika dakika hizo mmefunga 15 na mmefungwa 6, kwa hiyo unatoka na +9. Hakuna zaidi ya hapo. Hesabu hii ilianzia kwenye hoki ya barafu huko Amerika Kaskazini kabla ya kuhamia kwenye kikapu.

Sasa turudi kwa Love, maana namba yake ina mambo ndani yake. Cleveland walishinda kwa pointi 4. Kama alipokuwa uwanjani walikuwa mbele kwa 19, basi alipokuwa benchi walizidiwa kwa 15. Alicheza karibu dakika 30 kati ya 48, kwa hiyo hizo 15 zilipotea katika dakika kama 18 hivi. Kwa mechi iliyokuwa inapokezana uongozi muda wote, huo ni mwanya mkubwa.

Na kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi wa takwimu hulipita. Uwanjani wapo watu watano kila wakati, kwa hiyo kila pointi ya timu inaandikwa mara tano. Ukijumlisha plasi-mainasi za wachezaji wote wa Cleveland lazima upate tofauti ya mechi mara tano, yaani 4 mara 5, ambayo ni 20. Love peke yake ana 19. Wenzake wote waliobaki, LeBron akiwemo, wanagawana +1! Hapo usikimbilie kusema hawakucheza. LeBron alikaa uwanjani karibu dakika 47. Mtu anayecheza karibu mechi nzima, namba yake haiwezi kwenda mbali na matokeo yenyewe, na timu yake ilishinda kwa 4. Plasi-mainasi haina la maana la kutuambia juu yake, kwa sababu hatuna dakika za kutosha za kuiona Cleveland bila yeye.

Takwimu za timu nazo zina mtego wake. Warriors waliingiza mitupo ya pointi tatu 15 kati ya 41, Cleveland 6 kati ya 25. Hiyo ni pointi 45 kwa 18, na anayeona mstari huo peke yake atasema Warriors wametwaa ubingwa. Ila kwa mitupo ya pointi mbili Cleveland walipata pointi 54 dhidi ya 34, na kwa mitupo huru pointi 21 dhidi ya 10. Jumlisha mwenyewe, utafika 93 na 89. Upande wa Warriors, Stephen Curry aliingiza mitupo ya tatu 4 kati ya 14, Klay Thompson 2 kati ya 10, na Green, ambaye si mtupaji kama wao, 6 kati ya 8. Mechi za karibu ndivyo zilivyo: kila mmoja anashinda mahali fulani.

Zikiwa zimebaki dakika nne na ushei, ubao ulisoma 89 kwa 89. Ukizijumlisha mechi zote saba mpaka dakika ile, kila timu ilikuwa na pointi 699. Kisha vikapu vikakauka. Warriors hawakufunga tena hadi kipenga cha mwisho. LeBron akamkimbiza Andre Iguodala wa Warriors akamzuia kwenye ubao wa kikapu, na hiyo ikaandikwa kama bloku. Sekunde 53 kabla ya mwisho Irving akatupa ya tatu mbele ya uso wa Curry, ikaingia, 92 kwa 89. Irving akapata pointi 3 kwenye jedwali. Kwenye plasi-mainasi, watano wote wa Cleveland waliokuwa uwanjani walipata +3, Love akiwa mmoja wao.

Shambulizi lililofuata ndilo la kutazama polepole. Curry akajikuta ana Love mbele yake nje ya mstari wa pointi tatu, mtu mrefu na mzito ambaye hakuna kocha angemchagua amkabe Curry peke yake. Curry akacheza kushoto, akacheza kulia, akarudi nyuma. Love akabaki naye, mkono juu. Mtupo ukakosa. Tafuta tukio hilo kwenye jedwali: utaliona kwa Curry, mtupo mmoja zaidi uliokosa. Kwa Love hakuna kitu, kwa sababu hakuiba wala hakuzuia mpira kwa mkono. Plasi-mainasi nayo haikumwongezea hata moja, ila haikumkatia. Mpira ule ungeingia, ile +3 ingefutika palepale na mechi ingekuwa sare tena. Kujilinda vizuri kunaonekana humo kwa njia hiyo tu, kwa kile ambacho hukukatwa.

Kwa hiyo Love ndiye aliyekuwa bora kuliko wote? Hapana, na sijasikia mtu makini akisema hivyo. Love alikosa mechi ya tatu ya fainali zilezile kwa kuumia kichwa, na Cleveland wakashinda 120 kwa 90 bila yeye. Mwenye kutaka kumponda angetumia mechi ile, mwenye kumsifu anatumia ya saba, na wote wawili wanatumia sampuli ya mechi moja. Namba hii inabeba na mizigo ya wengine. Ukicheza dakika zako pamoja na LeBron dhidi ya benchi ya wapinzani, unapendeza. Ukiingizwa wakati nyota wenu wanapumzika na Curry yupo ndani, unaweza kucheza safi na ukatoka na -8.

Ndiyo maana wachambuzi hawaishii kwenye plasi-mainasi ghafi. Wanachukua mechi za msimu mzima au misimu kadhaa, kila kipande cha mchezo wanaandika nani kumi walikuwa uwanjani na ubao ukasogea kiasi gani, halafu wanakokotoa mchango wa kila mmoja baada ya kuondoa athari ya wale tisa wengine. Kwa mechi moja hesabu hiyo haiwezekani. Ukiona mtu ana pointi 9 na +19, fanya jambo moja: rudia video, angalia dakika alizokuwa ndani, na uone nani alikuwa naye.