St Pancras ya London: kanisa, kasri au ghala la bia?

Mgeni akipita Euston Road jijini London, akiona minara, madirisha yaliyochongoka na matofali mekundu ya St Pancras, haraka haraka hudhani ni kanisa kuu la kale. Si kanisa, na ukale wenyewe ni wa enzi za Malkia Victoria. Ni hoteli ya reli iliyofunguliwa mwaka 1873 mbele ya stesheni iliyoanza kazi 1868. Gothiki, mtindo wa makanisa ya Ulaya ya zama za kati, ndiyo iliyokuwa fasheni, na matofali yaliletwa kwa treni kutoka Nottingham, ili London ione bidhaa za huko.

Husemwa pia kwamba msanifu George Gilbert Scott aliiuzia kampuni ya reli michoro yake ya Wizara ya Mambo ya Nje, ile aliyoikataa waziri mkuu Lord Palmerston. Kukataliwa ni kweli, na wizara ikajengwa kwa mtindo wa Kiitalia. Scott alikiri kwamba alifurahi kupata nafasi nyingine ya kutumia mtindo aupendao. Lakini mchoro ni mwingine kabisa: hoteli imejipinda kuingia barabarani na ina mamia ya vyumba vya kulala. Nani angechora wizara hivyo?

Wengine humpa Scott sifa za jengo zima. Hapo ndipo ninapobisha kwa nguvu zote, kwa sababu paa la treni ni kazi ya mhandisi William Barlow: tao la chuma lenye upana wa karibu mita 73, bila nguzo hata moja katikati. Siri yake iko sakafuni. Watu hudhani treni zimeinuliwa juu ya barabara kwa fahari tu, kumbe ni kwa sababu reli ilivuka juu ya mfereji wa Regent's Canal ikakaribia kituo ikiwa bado juu. Chini kukabaki nafasi kubwa, nayo ikawa ghala la bia iliyotoka mji wa Burton-on-Trent. Barlow akapanga nguzo za ghala kwa kipimo cha pipa la bia, futi 14 na inchi 8 kutoka nguzo hadi nguzo. Boriti zilizolala juu ya nguzo hizo ndizo zinazoshika miguu ya tao isitanuke, kama ugwe unavyoshika upinde. Leo wasafiri waendao Paris kwa treni hupita katikati ya nguzo zilezile.

Na ile anasa ya hoteli? Lifti ilikuwepo, lakini vyumba vya kuogea vilihesabika. Wafanyakazi walipanda ngazi na maji ya moto, wakashuka na vyungu vya haja. Hoteli ilifungwa 1935. Miaka ya 1960 ilikaribia kubomolewa, mshairi John Betjeman na wenzake wakapiga kelele, na mwaka 1967 jengo likapewa ulinzi wa daraja la juu kabisa. Wageni walirudi kulala humo 2011.