Uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana: kupima kabla hujaumwa

Uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana ni kumpima mara kwa mara mtu ambaye haumwi. Hana damu chooni, hajakonda, tumbo halimsumbui, anakula na kulala vizuri. Ila umri wake umefika, au kwenye ukoo wao ugonjwa huo umewahi kuonekana, basi anapimwa. Hapa Dar es Salaam wengi tunachanganya jambo hili. Mtu aliyeona damu kwenye choo akakimbilia hospitali amefanya vizuri sana, lakini anachofanyiwa pale ni kutafuta chanzo cha tatizo ambalo tayari lipo. Uchunguzi ninaouzungumzia hapa unakuja kabla ya hapo, na unaweza kumzuia mtu asiugue kabisa.

Unazuiaje? Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Madaktari huviita polipu. Nyingi hubaki hivyohivyo, lakini chache hubadilika polepole kuwa saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi. Muda wote huo mwenyewe hasikii chochote. Polipu ikionekana mapema, daktari huikata, na saratani ambayo ingetokana nayo haiji. Saratani zinazotupa nafasi ndefu namna hii ni chache. Ya shingo ya kizazi ni mojawapo, na kinamama wengi wa mjini hapa wameshaisikia kwenye kampeni na kliniki. Hii ya utumbo mpana haisemwi, na naamini kinachotuziba mdomo ni aibu ya kutaja choo.

Kipimo chepesi ni cha choo chenyewe. Unapewa kichupa chenye maji ya dawa na kijiti kilichoshikana na kifuniko. Ukishapata haja kubwa, unachomachoma kijiti sehemu kadhaa za choo, unakirudisha ndani ya kichupa, unafunga, unapeleka maabara. Kinachotafutwa ni damu isiyoonekana kwa macho. Kipimo cha kisasa cha aina hii hutambua damu ya binadamu tu, kwa hiyo mishikaki uliyokula jana usiku haitakiharibu.

Kikubwa zaidi ni kolonoskopi. Mrija mwembamba unaopinda, wenye kamera mbele, hupitishwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana. Polipu ikikutwa, daktari huizungushia kitanzi cha waya na kuikata palepale, kisha inapelekwa maabara. Kwa kawaida mgonjwa huchomwa dawa ya kumtuliza au kumlaza. Walio wengi watakuambia kazi iko siku moja kabla: huli chakula kigumu, unakunywa dawa ya kusafisha utumbo, na unashinda karibu na choo mpaka kinachotoka kiwe maji tu. Vumilia. Utumbo usiposafishika vizuri, polipu ndogo inajificha kwenye uchafu na kazi yote inakuwa bure.

Halafu kuna neno “mara kwa mara”, ambalo watu hulipita haraka. Polipu haivuji damu kila siku. Kipimo cha choo cha mwaka huu kinaweza kuonyesha huna kitu kwa sababu tu wiki ile haikuvuja, na ndiyo maana hurudiwa kila mwaka, au kila baada ya miaka miwili kama wanavyofanya Uingereza. Utafiti mkubwa wa Minnesota, Marekani, uliotolewa mwaka 1993, ulionyesha kwamba kupima choo kila mwaka kulipunguza vifo vya saratani hii kwa takribani theluthi moja. Kolonoskopi ikiwa safi, kwa mtu asiye na hatari ya ziada, inaweza kurudiwa baada ya miaka 10. Kipimo cha choo kikionyesha damu, usikirudie ukitumaini majibu mengine. Hatua inayofuata ni kolonoskopi.

Kinachonisikitisha zaidi ni watu kudhani kila damu chooni ni bawasiri. Mtu anaona damu, anakwenda duka la dawa la mtaani, anaeleza kwa sauti ya chini, anauziwa dawa ya kupaka. Mwingine anapewa mizizi ya kuchemsha. Mara nyingi ni bawasiri kweli. Lakini saratani nayo hutoa damu, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Damu chooni, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu, au upungufu wa damu usioeleweka kwa mtu mzima: hayo yote ni ya daktari, na usisubiri ufikishe umri wa uchunguzi.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda, aliandika zamani kwamba Waafrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi hawakuugua sana. Lakini leo tazama sahani zetu: chipsi mayai, soda, mboga za majani kiduchu. Kukaa kutwa kwenye kiti, unene, pombe na sigara navyo huongeza hatari.

Umri wa kuanza? Marekani tangu mwaka 2021 wanashauri miaka 45, nchi nyingine 50. Muhimbili na Aga Khan kolonoskopi inafanyika. Kabla ya kwenda, uliza bima yako kama inalipia mtu asiye na dalili, kwa sababu jibu linaweza kuwa tofauti na la mgonjwa.

Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua saratani hii haingojei miaka 45. Ushauri wa kawaida ni kuanza kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, kutegemea ipi inatangulia. Shida ni kwamba kwenye misiba yetu tunaambiwa tu “marehemu alisumbuliwa na tumbo”. Muulize shangazi, muulize baba mkubwa: tumbo gani, na alikuwa na miaka mingapi? Kama baba aligundulika akiwa na miaka 46, watoto wake waanze wakiwa na 36, wa kike kwa wa kiume.