Si Kila Neno la Kiingereza Lenye -ly ni Kielezi
Wanafunzi wengi wa Nairobi, na hata makarani wanaoandika barua za ofisi kila siku, huamini kwamba neno lolote la Kiingereza linaloishia kwa -ly ni kielezi, na ndiyo maana huandika "she welcomed us friendly" wakikusudia kwamba mwenyeji aliwakaribisha kwa ukarimu. Imani hiyo si sahihi.

Kiambishi hicho kikitiwa kwenye kivumishi, kama "generous" au "gracious", kwa kawaida huzaa kielezi, nacho "generously" hueleza jinsi mtu alivyotoa; lakini kikitiwa kwenye nomino ya mtu, kama "friend", "brother" au "neighbour", huzaa kivumishi, ambacho kazi yake ni kueleza nomino wala si kitendo. Chanzo chake ni Kiingereza cha Kale, kilichokuwa na -lic ya vivumishi na -lice ya vielezi, na baadaye viambishi hivyo viwili vikawa kimoja. Mwenyeji yule, basi, aliwakaribisha "in a friendly way" au, kwa ufasaha zaidi, "warmly".

Neno "kindly" ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Katika "he spoke kindly" ni kielezi, na katika "a kindly old man" ni kivumishi. Lakini katika barua ya shule inayomwambia mzazi "kindly clear the fees", halielezi wema wowote bali ni ombi, ambalo Mwingereza anaweza kulisikia kama amri ya mtu aliyekwisha kukereka, kwa hiyo ni afadhali kuandika "please".